Kiti cha Alama Sita

Sebuleni kwa Marlys Tollefson ilitundikwa picha yenye utepe wa bluu wa ushindi, na kila alipopita mbele yake aligeuza uso kama anayepishana na mtu aliyegombana naye. Wageni waliisifia. Ilikuwa dirisha la jikoni asubuhi ya Februari, barafu imejichora majani kwenye kioo, mwanga umeingia na kulala mezani, na kikombe cha kahawa kikifuka moshi. Alama tisa kati ya kumi. Picha safi kabisa, na usafi wenyewe ndio uliomkosesha raha.

Maana picha hiyo ilipopigwa haikuwa safi. Upande wa kulia kulikuwa na kiti kimesukumwa nyuma, na kwenye egemeo lake limetupiwa sweta la kijani. Mama yake, Verna, alikuwa ameinuka saa ile ile kwenda kuzima jiko, na Marlys akabonyeza kamera. Mwezi huo huo akaipeleka kwenye mashindano ya klabu yao ya picha pale mjini Duluth.

Jaji wa siku hiyo alitoka klabu nyingine, kama ilivyo kawaida. Jina lake Gordon Prebble, mtu mrefu, na mkononi ameshika taa ndogo ya kuonyeshea kwenye skrini. Hakuambiwa picha ni ya nani. Na mwenye picha, kwa desturi ya watu hawa, hufunga mdomo wake hata kama anasemwa yeye, mama yake na jikoni kwao.

"Mwanga mzuri sana huu," Prebble alisema, taa yake nyekundu ikizunguka dirishani. "Lakini hiki kiti jamani! Mimi nataka kukaa kule dirishani, chenyewe kinanivuta huku. Halafu na hili tambara. Kingeondolewa tu, hapo tungekuwa na picha. Sita."

Tambara! Marlys alibana mikono mapajani, masikio yakimwaka.

Sasa, mtu akikwambia kwamba alama hazimsumbui, mtazame vizuri. Atakuwa anazijua zote kwa kichwa, tangu ya kwanza. Marlys alisumbuka. Kesho yake aliketi mbele ya kompyuta, akachukua ile brashi ya kufutia, na kwa saa mbili akakifuta kiti mguu baada ya mguu, akapaka ukuta mahali pa sweta, mpaka ukadhani jikoni mle hajawahi kukaa mtu. Kisha akahifadhi juu ya ile ile, ya zamani ikapotea. Miaka thelathini na mmoja alipanga barua posta, na kitu asichokipenda maishani ni vitu viwili vyenye jina moja. Kadi ya kamera alikuwa ameshaifuta. Mwezi wa Aprili akaipeleka tena, ikapata tisa na utepe.

Oktoba Verna akafariki.

Hapo ndipo Marlys alipokitafuta kile kiti. Picha za mama yake zilikuwepo chungu nzima: Krismasi, siku za kuzaliwa, Verna amekaza shingo na kutoa meno kwa sababu ameambiwa atabasamu. Hakuna hata moja ambamo alikuwa Verna tu, mtu aliyeinuka mara moja na anarudi. Iliyokuwa hivyo ilikuwa moja, ile ya kiti chake na sweta lake, na Marlys aliifuta kwa mkono wake mwenyewe kwa ajili ya alama tatu. Hakumwambia mtu. Alijichukia kimyakimya, na akamchukia Prebble kwa sauti, akiwa peke yake garini.

Lakini chini ya chuki hiyo kulikuwa na swali lililomwasha kuliko chuki yenyewe. Yule bwana aliona nini? Mtu mzima mwenye macho mawili anatazamaje sweta akaona tambara? Kwa hiyo Renee Dufault, katibu wa klabu ya picha ya mji jirani wa Cloquet, alipompigia simu kusema jaji wao ameteleza kwenye barafu na kuvunjika kifundo cha mkono, "na tumebanwa kweli, dada yangu, yaani tumebanwa," Marlys alikubali kabla hajauliza siku. Alitaka kuona kile jaji anachokiona.

Mashindano yalifanyika Jumamosi saa nane mchana, katika ukumbi wa chini wa kanisa la Kilutheri. Watu kama thelathini walikuwa wamevua majaketi na kuyarundika, na mezani kulikuwa na birika kubwa la kahawa na vipande vya keki ya limau. Renee alimkalisha mbele, akampa taa nyekundu.

"Picha arobaini na sita," alisema. "Nasoma jina la picha, unasema la uzuri, unasema la kasoro, unatoa alama. Usizidishe nusu dakika, la sivyo kahawa inapoa na watu wanakuwa wabaya."

"Na nisipoona kasoro?"

"Utaiona tu. Wote huiona."

Zile za kwanza zilimfurahisha mno. Alikuwa hajawahi kulazimika kusema kwa nini anapenda kitu. Nyumbani mtu huipenda picha na kugeuza ukurasa. Hapa ilibidi aeleze, na akieleza aligundua kwamba macho yake yalikuwa na sababu ambazo hayakuwahi kumwambia. Ghala jekundu kwenye theluji, alilipenda kwa ajili ya mlango wake ulioachwa wazi. Uso wa mtoto, kwa ajili ya jino lililokosekana. Alisema hivyo, na akaona kichwa kimoja cha nyuma kikiinuka kwa furaha, kisha haraka kikainama kisijitambulishe.

Kufika ya kumi na tisa, macho yalianza kuchoka. Alikuwa amefundishwa, kama wote walivyofundishwa, kwamba jaji akague kingo za picha kwanza: tawi lililochungulia, gari la jirani, nusu ya mtu. Basi akawa anakagua kingo. Tawi, akalishika. Ndoo, akaishika. Picha ya ishirini na tatu ilikuwa na benchi, na Marlys akasikia sauti yake mwenyewe, bila hata kuiagiza, ikisema:

"Mwanga mzuri sana huu. Lakini hili benchi lingeondolewa tu..."

Aliishusha taa. Ukumbi mzima ulingoja.

"Saba," akamalizia.

Kumbe ni hivi, aliwaza. Kumbe ni hivi tu. Prebble hakuwa na roho mbaya wala kengeza. Alikuwa na nusu dakika, macho yaliyochoka, na somo alilofundishwa miaka ishirini iliyopita. Hakuliona sweta hata kidogo. Aliona kitu cha kijani pembeni. Marlys alikuwa amebeba kinyongo mwaka mzima juu ya mtu ambaye hakuwa amewaona, yeye wala mama yake, na sasa kilimtoka mikononi, akabaki hajui akishike wapi.

"Jumatatu ya Kufua," Renee akasoma. Picha ya thelathini na moja.

Ilikuwa ua wa nyuma wa nyumba, jua kali la baridi, na kwenye kamba ya nguo suruali tatu za kazi zilizoganda mpaka zikasimama zenyewe, miguu wazi, mithili ya wanaume watatu wasio na viwiliwili. Watu walicheka. Na kwenye ukingo wa kushoto, umekatwa kifundoni, ulionekana mkono wa mtu ndani ya glavu ya sufi, vidole vimenyooshwa.

Mkono uliokatwa! Hata mwanachama wa wiki ya kwanza anajua hilo ni kosa. Taa nyekundu ya Marlys ilikuwa imeshafika pale.

"Nimefundishwa kusema huu mkono utoke," alisema polepole. "Pengine utoke. Ila mimi nataka kujua ni wa nani, na unataka nini. Usiniambie, najua hairuhusiwi. Nakuomba kitu kimoja tu. Ukitaka kunisikiliza, weka kwanza hii kama ilivyo, mahali salama, kwa jina lake. Ndipo ufute kwenye nyingine." Alikohoa. "Na kamera imeinama kidogo kulia, hilo ni kosa lako na nakukata moja. Suruali zimenichekesha. Nane."

Minong'ono ikapita. Alama nane kwa mkono uliokatwa, Cloquet walikuwa hawajawahi kuona.

Wakati wa kahawa mzee mmoja mwenye mashavu mekundu alimjia akiwa amebeba sahani mbili. Alijitaja kwa jina la Virgil.

"Ule mkono," alisema, "ni wa mke wangu."

Marlys alimgusa bega. "Pole sana, Bwana Virgil. Ni muda gani sasa?"

"Muda gani nini?"

"Tangu... atutoke."

Virgil aligeuka. "Ardis! Njoo huku, huyu mama ameshakuzika!"

Mwanamke mfupi mnene akaja mbio, kinywa kimejaa keki ya limau. "Nani amenizika?"

"Jaji. Kwa sababu ya mkono wako."

"Mkono wangu ulikuwa unamwita chakula kinapoa!" Ardis alimwambia Marlys, akijifuta makombo. "Viazi nimepika tangu asubuhi, yeye yuko nje anapiga picha suruali zake mwenyewe. Halafu nimemwambia mara ngapi, mzee wewe, ama nionyeshe mzima ama nifute kabisa! Na wewe mama wa watu umekuja kumwambia auweke. Sasa atanitundika sebuleni, mkono peke yake. Ndugu zangu watasemaje?"

"Watasema umepunguza unene," Virgil akasema, na akapigwa kofi la bega.

Marlys alicheka mpaka machozi, na hayakuwa yote ya kicheko. Alitamani kuwaambia lile la kiti. Lakini kabla hajafungua mdomo, kelele zikazuka upande wa skrini. Mzee mwenye kofia ya sufi alikuwa amesimama, kidole juu.

"Huyo tai wa pichani aliyepewa kumi, mimi namfahamu! Aliingia mwaka juzi! Sheria ni sheria, Renee, picha haiingii mara mbili!"

"Kaa chini, tutatazama," Renee akasema bila haraka. Alifungua kompyuta yake na kuanza kushusha orodha. Miaka ikapita kwenye skrini mbele ya watu wote, picha ndogondogo mamia kwa mamia. "Mwaka juzi, Machi... Huyu hapa. Anatazama kushoto. Wa leo anatazama kulia. Ni tai mwingine, au ni yule yule amegeuka. Kunywa kahawa yako."

Marlys alikuwa ameacha kucheka. Alisogea mpaka mezani kwa Renee.

"Hizo zote ni nini?"

"Zilizowahi kuletwa. Tangu mwaka elfu mbili na sita."

"Zilizoshinda?"

"Zote, mwenzangu. Iwe kumi, iwe tatu. Bila hivyo nitamkamata vipi mtu akirudisha ya zamani? Kwani kwenu hamweki?"

Marlys aliikodolea macho orodha. Kwao Duluth alikuwa amepeleka picha mashindanoni kwa miaka sita, na hakuwahi hata siku moja kuuliza zinakwenda wapi.

Jumapili asubuhi, kabla ya ibada, alikuwa mlangoni kwa Leland Quist, katibu wa klabu ya Duluth, mgane wa miaka sabini na mbili asiyetupa hata kamba ya viatu. Leland alifungua akiwa na ndara miguuni na kipande cha mkate mkononi.

"Leland, ile picha yangu ya dirisha..."

"Ya Februari au ya Aprili?"

Marlys alishika fremu ya mlango. "Unayo ya Februari?"

"Ninazo zote. Pita, baridi inaingia." Alimwongoza mpaka chumba cha nyuma, akaketi mbele ya kompyuta, akaandika kwa kidole kimoja. "Ulipoileta mara ya pili niliziweka pamoja, nione kama umebadilisha vya kutosha. Sheria. Nikashangaa kwa nini umekiondoa kiti. Mimi nilikipenda."

"Mbona hukuniambia?" Sauti yake ilitoka kali kuliko alivyotaka.

"Hukuniuliza. Mimi katibu tu, siyo jaji."

Kisha akabonyeza, na kiti kikarudi.

Kilikuwa pale pale, kimesukumwa nyuma kwa pembe, na mto wake bado umebonyea. Marlys aliinama mpaka pua ikakaribia kioo. Alidhani anaikumbuka picha hii nukta kwa nukta, kumbe hakuwahi kuitazama. Tangu siku ile ya alama sita alikuwa akitazama kosa tu. Mkono mmoja wa sweta ulikuwa na ukungu. Aliusogelea zaidi, kwa tabia ya jaji, kutafuta kasoro. Lensi ilikuwa kali, kikombe kimetoka wazi, egemeo limetoka wazi. Mkono wa sweta peke yake ndio uliofifia, kwa sababu ulikuwa bado unaning'inia na kucheza. Verna alikuwa ameuachia sekunde ile.

Leland aliuma mkate wake, akangoja, akashindwa kuvumilia.

"Ungekuwa jaji, ungeipa ngapi?"

Marlys alisogeza kidole mpaka kwenye kiti.

"Prebble alisema kiti kinavuta jicho," alisema. "Alisema kweli, Leland. Kinavuta." Akajifuta uso kwa kiganja, na hakuondoa macho pale.