Mgongo wa Vidole

Huko Suji, milimani Upare, watu hawakusema "nenda kwa Zipora". Walisema "nenda kwenye ile mikono". Aliyeteguka kwenye mteremko, aliyeshikwa na kiuno msimu wa kulima, wote walilazwa juu ya benchi la hospitali ya misheni, naye Zipora akapandisha mikono ya gauni, akachovya vidole katika mafuta ya mbarika, akaanza kukanda. Walilia, jamani! Walimwita Yesu na mama zao kwa zamu. "Lia tu," aliwaambia, "maumivu ndivyo yanavyotoka." Na kesho yake wengi walitembea. Sasa mwanamke kama huyo ungemwambiaje kwamba mikono yake ina jambo la kujifunza?

Ilikuwa miaka michache baada ya vita ya Hitla. Masika ya mwaka huo Dina, mdogo wake wa mwisho, aliteleza akitoka mgombani na mkungu kichwani, akaangukia mkono wa kulia, kiwiko kikavunjika. Akafungwa plasta. Plasta ilipotolewa, kiwiko kikagoma kukunjika. Zipora akaichukua kazi hiyo mwenyewe, asubuhi na jioni, kwa maji ya moto na mafuta na nguvu zote alizopewa na Mungu. Hata Sabato hakuacha. Alisema ng'ombe akitumbukia kisimani hasubiri jua litue. Dina aling'ata upindo wa kanga, machozi yakimtiririka, asiseme neno, kwa kuwa dada ni dada, na dada huyu ndiye aliyemlea.

Miezi minne ikapita. Kiwiko badala ya kulegea kilizidi kukaza. Mkono uliishia tumboni, mdomoni haufiki. Dina alikuwa mfinyanzi, na chungu hakifinyangwi kwa mkono mmoja. Lakini hilo lilikuwa dogo. Kubwa lilikuwa chakula. Mtu mzima atakaaje mbele ya wenzake atie mkono wa kushoto kwenye sinia? Basi Dina alichukua bakuli lake akaingia jikoni, akala akiuelekea ukuta. Zipora alimwona mara moja kupitia upenyo wa mlango, akatoka pale moyo ukimuuma, akaapa kwamba kiwiko kile kitakunjika hata kwa ngumi.

Ndipo ilipokuja barua. Wakandaji na madresa, wale wafunga vidonda wa hospitali, wa wilaya nzima walitakiwa kwenda Same wiki mbili, wafundishwe matibabu ya viungo na wale waliofanya kazi hiyo vitani. Na kila mmoja aje na mgonjwa wake mmoja.

"Wanifundishe mimi?" Zipora alicheka mpaka akashika mbavu. Lakini alikwenda, na Dina akaenda naye. Labda huko kulikuwa na mafuta makali zaidi.

Waliteremka na ukungu. Kule juu dunia ilikuwa nyeupe, hata mtu aliyetangulia mbele hukumwona ila ulisikia kikohozi chake. Halafu kona moja, na ukungu ukabaki nyuma. Chini ilikuwa tambarare yenye jua, na vimbunga vya vumbi jekundu vikijitembelea polepole bila haraka ya kufika. Kutoka Makanya walipanda gari moshi. Dina alisinzia, na kila behewa lilipotikisika mkono wake mgumu ulimgonga Zipora ubavuni. Zipora aliuacha umgonge.

Mafunzo yalikuwa katika ghala tupu la mkonge karibu na stesheni. Harufu ya mkonge ilikuwa imebaki ukutani, na mwanga uliingia kwa matundu ya bati ukamwagika sakafuni vidoa vidoa. Wanafunzi walikuwa wachache: Simeoni wa Ugweno, mpole, anayeandika kila kitu, Sefu wa Kihurio, ambaye ulimi wake haukujua kupumzika, na Zipora. Misi Mzungu aliwafundisha majina ya mifupa asubuhi, kwa Kiswahili cha kitabu. Mchana ulikuwa wa Mwalimu Mbaraka.

Mwalimu Mbaraka alikuwa mzee mwembamba wa hukohuko Same, mwenye kofia ya kiua iliyofifia. Miaka mitatu ya vita alikuwa Bama, kule Asia, katika hospitali ya mahema, akinyoosha viungo vya askari. Alisema taratibu sana, na alipomsalimia mtu aliushika mkono wake kidogo zaidi ya kawaida. Siku ya kwanza aliushika wa Dina. Alikigusa kiwiko kwa mgongo wa vidole, akamtazama Zipora, kisha akaenda zake kuswali.

"Mzee huyo hana nguvu," Zipora alimnong'oneza Sefu. "Kiwiko hakipapaswi."

"Ninyi watu wa milimani," Sefu akajibu, "hata mtoto mnambembeleza kwa jembe."

Wiki nzima Mwalimu Mbaraka hakuwaruhusu kukanda. Aliwafundisha kugusa. Waguse maji ndani ya beseni pasipo kuyatikisa. Waguse jani, waguse shavu la aliyelala pasipo kumwamsha. Zipora alikasirika kimoyomoyo. Lakini joto la Same lina mambo yake: saa saba mchana, wote wamejinyoosha kwenye mikeka, bati likilia taratibu juu yao, alianza kuota kwamba mikono yake imeondoka. Iliteremka peke yake kutoka Suji, ikavuka mto, ikamkuta mtu amelala, wala haikujua la kumfanyia. Aliamka amejikumbatia. Kando yake Dina alikuwa macho, akimtazama kwa upole, akampepea kwa upindo wa kanga.

Siku ya nane Mwalimu aliwafunga vitambaa machoni. Wanawake sita walikaa kwenye benchi: wagonjwa wao watatu, na wengine watatu aliowaita kutoka mjini. Wote walikuwa wameoshwa mikono kwa sabuni mpaka mabegani, na wameambiwa wakae kimya kama msibani.

"Msikunje, msinyooshe, msibonyeze," alisema. "Mgongo wa vidole tu. Halafu mniambie viwiko hivi vimepata nini."

Zipora aliongozwa. Cha kwanza, kizima. Cha pili, kizima ila kimechoka, mtu wa jembe huyo. Cha tatu kilikuwa na kovu. Alishangaa. Gizani, vidole vyake vilikuwa vinasikia. Ngozi ilikuwa na sehemu za joto na sehemu za baridi, na chini yake mshipa ulipita ukijisemea. Akasahau kukasirika. Alijisikia kama mtu anayetembea usingizini ndani ya nyumba anayoijua.

Alipofika cha nne, vidole vilisimama vyenyewe.

"Hiki kinaungua," alisema. "Na hapa mbele, ndani ya nyama, pana kitu kigumu. Jiwe. Mwalimu, nyama haina jiwe."

"Nyama ya kiwiko inaweza kuwa nalo," sauti ya Mwalimu ikajibu. "Kiwiko kikivunjika, nyama inayokizunguka hupondeka. Ukiiacha itulie, hupona. Ukija na nguvu zako ukaikanda na kuikunja kila siku, inapondeka upya kila siku. Mwisho inachoka kuwa nyama, inajigeuza mfupa. Kiungo kingine huvumilia. Kiwiko hakivumilii."

Zipora alihisi hasira ikimpanda, hasira safi ya haki.

"Nani kafanya hivi?" akasema kwa nguvu, ghala lote likasikia. "Mtu ameanguka, ana maumivu yake, halafu anapelekwa kwa mtu anayemponda kama kisamvu! Huyo si mkandaji. Huyo anyang'anywe kazi, asiguse mtu tena!"

Zipora akavua kitambaa.

Alikuwa ameshika mkono wa Dina.

Mkono aliouosha tangu ukiwa wa mtoto. Aliokuwa akiushika mara mbili kwa siku kwa miezi minne, naye hakuutambua, kwa sababu hakuwahi hata siku moja kuugusa polepole. Akakaa chini sakafuni, mikono ikiwa mapajani viganja juu, asijue aiweke wapi.

"Ulijua," akamwambia Mwalimu.

"Nilijua tangu siku ya kwanza. Nilitaka uguse tu, binti yangu. Hukumu umeileta mwenyewe." Mzee akachuchumaa mbele yake, na sauti yake ilikuwa ya kuchoka. "Bama nilikuwa na kijana wa Kinyasa. Kiwiko hichohicho. Nilimkanda wiki sita, na nilisifiwa kwa nguvu zangu. Alirudi kwao na mkono mkavu. Ndiyo maana nafundisha."

"Kitakunjika?"

"Sijui. Kwanza kipoe. Asiguswe, asikandwe, asivutwe. Aukunje mwenyewe ndani ya maji, kwa kadiri mkono unavyotaka, na akisikia maumivu aache. Mwaka, pengine. Pengine nusu ya mkono itarudi."

Dina akasimama, akaufunika mkono wake kwa kanga.

"Dada, umesema anyang'anywe kazi."

"Nimesema," Zipora akajibu.

"Basi nimekunyang'anya. Usiniguse mpaka nikuite."

Hakulisema kwa ukali. Lingekuwa kwa ukali, Zipora angeweza kulia.

Walirudi Suji. Watu walikuja kuiona mikono iliyokwenda shule, wakakuta imebadilika. Ilikuwa inapapasa, inasubiri, inauliza "hapa je?" Wakanung'unika kwamba Zipora kaenda Same kusahau kazi. Aliwaacha waseme. Wasiwasi wake wote ulikuwa mahali pamoja.

Kila alfajiri, kabla ndiva, lile bwawa la kijiji, haijafunguliwa kumwagilia mashamba, Dina alipanda hadi ukingoni, akaketi, akautia mkono majini mpaka begani. Ndiva ilikuwa imejaa maji ya mto ya usiku kucha, na ukungu ulilala juu yake hata hukujua maji yanaishia wapi. Mkono wa Dina ulikwenda na kurudi humo ndani, taratibu, wenyewe. Zipora alikaa hatua tano nyuma, mikono ameikalia. Ndiyo, aliikalia kwelikweli, kwa kuwa haikuwa na adabu. Ilipomwona Dina akikunja uso ilitaka kuruka. Mzee Nathanaeli, mwangalizi wa ndiva, alikuja na mti wake wa kuzibulia, akawatazama wawili hao, akangoja Dina amalize. Siku nyingine mashamba yote ya chini yalichelewa kupata maji kwa ajili ya kiwiko kimoja, na Wapare, ambao kwa maji wanaweza kushtakiana mpaka kwa bwana shauri, hawakusema neno.

Mvua za vuli zikapita, na masika. Dina na Zipora waliongea habari za mbuzi, za kuni, za kanisani. Habari ya mkono hapana. Na bado jikoni bakuli la Dina lilielekea ukutani, na bado Zipora aligeuza uso asione.

Siku moja ya kiangazi pembe ikapulizwa kuita msaragambo, kazi ya wote. Kijiji chote kikateremka ndani ya ndiva iliyokaushwa, kutoa tope. Waliimba, walichota, walipakana matope usoni. Saa sita makande yakaja katika sinia kubwa, wanawake wakalizunguka. Zipora alitafuta kwa macho mahali Dina atakapojificha leo, kwa kuwa huko hakukuwa na jiko wala ukuta.

Dina alikuja akaketi kwenye duara. Akanawa mkono wa kulia. Akachota makande, na mkono ukaanza kupanda, ukapita tumbo, ukapita kifua, ukafika kidevuni karibu, ukasimama. Pale pakawa mwisho wake. Dina akainamisha kichwa, akakifuata chakula kwa ile nafasi iliyobaki, akala. Akachota tena. Wanawake waliendelea kupiga soga, wakasogeza nyonga wampe nafasi.

Zipora alikuwa amesimama na ndoo ya tope, machozi yanamtoka waziwazi mbele ya watu wote, wala hakuyafuta. Mikono yake ilikuwa michafu hadi viwikoni.

Dina akatafuna, akameza, akainua macho.

"Unalia nini, na makande yanapoa? Nenda kanawe." Kisha akaunyoosha mkono wake wa kulia juu ya paja, kiwiko kikiangalia juu. "Halafu njoo kazini, dada. Leo kinauma kidogo hapa."

Zipora alinawa kwa sabuni, mara tatu. Akapiga magoti kando yake, akafumba macho, akaugusa kwa mgongo wa vidole.

"Huu ni wa Dina," alisema.