Mwenyeji wa Köln

Teresia alifika kwa dada yake Jumamosi moja ya Desemba 2005, tope la barabara ya Chitete limemfika magotini. Hata maji hakunywa. Alitoa daftari jipya kwenye mkoba, akaliweka mezani mbele ya shemeji yake, Damiano, aliyekuwa anakula.

"Shemeji, nimechaguliwa," akasema. "Mwezi ujao naenda Köln. Miezi mitatu."

Damiano alikuwa na tonge mkononi. Akalirudisha kwenye sahani.

Teresia alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na kiongozi wa kwaya ya akina mama. Kanisa lao lilikuwa na urafiki na usharika mmoja wa Ujerumani, na kila mwaka mtu mmoja alialikwa huko. Safari hii zamu ilimwangukia yeye, na katika ukoo mzima hakuna aliyeona ajabu, kwa sababu nyumbani tayari walikuwa na mwenyeji wa mji huo. Damiano aliishi Köln miaka sita. Hilo lilijulikana Tunduma nzima. Pale ofisini kwa wakala wa forodha alikokuwa karani, madereva wa malori walimwita Mjerumani, na jioni walimnunulia bia ili awasimulie. Aliwaeleza kuwa kule bia inaletwa kwenye glasi nyembamba kama kidole, ukimaliza unaletewa nyingine bila kuomba, mpaka uifunike glasi yako kwa kile kikaratasi kigumu cha kuwekea. Aliwaeleza kuwa kuna chakula kinaitwa nusu jogoo, lakini ukikiagiza unaletewa mkate na jibini, hakuna hata unyoya. Watu walicheka, wakamwamini. Jambo kama hilo angelijuaje mtu ambaye hakufika?

Damiano hakuwahi kukanyaga Ulaya. Miaka ile sita, kuanzia 1991, aliimaliza katika gereza moja nchini Zambia, baada ya kukutwa ndani ya lori lililobeba nyaya za shaba za wizi. Aliomba lifti tu, lakini hakuna aliyetaka kusikia. Humo gerezani, ukiacha Biblia, kulikuwa na kitabu kimoja kilichochakaa, cha Kiingereza, cha kumwongoza mgeni mjini Köln: ale nini, anywe wapi, atembee wapi kando ya mto Rhine. Damiano alikisoma mpaka akajua vichochoro vyake kwa majina. Sura ya vyakula aliisoma polepole, kama mtu anayetafuna. Alipofunguliwa na kurudi Tunduma, mama yake, mgonjwa kitandani, alimuuliza alikuwa wapi muda wote huo. Akashindwa kumtajia gereza. Akajikuta amesema Köln. Mama akatabasamu, akaagiza majirani waitwe. Miezi miwili baadaye alifariki, na uongo ule ukabaki na Damiano. Hata Elina, dada yake Teresia, alimwoa nao.

"Haya, nieleze," Teresia alisema, kalamu mkononi. "Nianzie wapi?"

Elina alivuta kigoda akakaa karibu ili naye asikie. Damiano alitazama nyuso zile mbili. Angeweza kusema ukweli wakati ule ule, kukiwa na watu watatu tu chumbani. Alifungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa kitabu.

"Ukitoka stesheni tu, unaliona kanisa kuu la minara miwili. Huwezi kulikosa."

Teresia aliandika. Aliuliza habari za baridi, za chakula, za kuvuka daraja. Kisha akauliza, "Na wenyeji wangu wakichelewa kunipokea?"

"Pita kanisa kuu, shuka ngazi za kwenda mtoni, geuka mkono wa kulia. Fuata mto mpaka kichochoro cha pili. Kuna mlango wa kijani, nyumba ya masista. Wanapokea wageni saa yoyote." Halafu akaongeza jambo ambalo halikuwamo kitabuni. "Na usimwendee mtu mwenye sare. Mgeni akimwendea askari, atahojiwa mpaka apotee. Mimi najua."

Hilo nalo Teresia aliliandika, akalipigia mstari.

Tangu siku ile usingizi wa Damiano ukawa wa mang'amung'amu. Kitabu chenyewe kilipigwa chapa mwaka 1968. Aliikumbuka tarehe hiyo, na aliihesabu kwa vidole akiwa kazini, katikati ya mihuri na makaratasi ya malori. Miaka thelathini na saba. Mara mbili alipanda basi la kwenda Chitete, kwa Teresia, ili amwambie ukweli, mara mbili akashuka njiani. Teresia alipopita Tunduma kuaga, Damiano alimbebea sanduku hadi stendi akarudi nyumbani, neno halijamtoka.

Siku tatu baadaye, saa kumi na mbili jioni, Mchungaji Tuntufye alikuja kwao akiwa ameshika simu. Hakuketi.

"Teresia haonekani," akasema. "Wenyeji wamemngoja stesheni tangu asubuhi. Ndege ilichelewa, wakadhani hakupanda, wakaenda uwanjani kuuliza. Huko wanaambiwa alitoka saa nyingi, na sanduku lake limepotea. Namba zao alikuwa amezitia humo humo sandukuni. Wamerudi stesheni, hayupo. Kunaanguka theluji na giza linaingia."

Elina alimgeukia mumewe. "Baba Yonasi, wewe unapajua. Atakuwa wapi?"

"Ndiyo maana nimekuja," alisema Mchungaji. "Wako kwenye simu. Ndugu Damiano, zungumza nao, waelekeze."

Damiano aliitazama simu ile mkononi mwa Mchungaji. Akaegemea mlango. Alimwona Teresia na viatu vyake vya shuleni, akikwepa kila mwenye sare kwa sababu yeye alimwambia akwepe. Kama ile nyumba ilibomolewa? Kama hata ngazi zenyewe hazipo? Akiwatajia tu alikomwelekeza Teresia bila kusema kwamba hajui kama pako, wangetafuta mlango wa kijani mpaka mtu afe.

"Mchungaji, mimi sijawahi kufika Köln," akasema.

Simuni sauti ya kizungu ilisikika ikiita halo, halo.

"Nilikuwa gerezani Zambia. Nilisoma kitabu. Nilimwelekeza kutoka kwenye kitabu, na ni cha zamani sana. Waambie hivyo hivyo. Waambie pia nilimkataza asiwaendee polisi, kwa hiyo akiwaona atajificha." Aliyasema haya haraka, kisha akaeleza njia nzima, ngazi, mkono wa kulia, kichochoro cha pili, na Mchungaji akayatafsiri yote neno kwa neno kwa Kiingereza bila kumtazama.

Simu ikakatwa. Wakangoja. Elina alikaa kwenye kigoda amempa mumewe mgongo. Nje malori yaliyopanga foleni ya mpaka yalinguruma, yakazima, yakanguruma tena. Damiano alijaribu kuomba, akashindwa kupita maneno mawili ya kwanza. Kila alipofumba macho aliona kichochoro kile alichokipenda, sasa kimejaa kitu cheupe ambacho hajawahi kukigusa, na katikati yake mtu amelala.

Saa mbili kasoro robo simu iliita. Mchungaji alisikiliza kwa muda mrefu, akiitikia tu kwa kichwa, na Damiano hakuthubutu kumwangalia usoni.

"Wamempata," Mchungaji akasema hatimaye. "Alikuwa amejikunyata mlangoni kwenye hicho kichochoro. Masista walihama zamani, sasa ni ofisi, na leo imefungwa. Vidole havikunji, kikombe hakishiki, lakini anaongea. Wanampeleka hospitali." Alivaa kofia yake. Alipofika mlangoni akasema, "Wanasema bila maelezo yako wasingemtafuta upande ule," akaondoka.

Vidole vya miguu vya Teresia vilimsumbua mwezi mzima, akapona. Aliporudi Aprili alimsalimia shemeji yake kwa heshima, lakini hakukaa kumsimulia kitu. Tunduma habari ilikuwa imeshaenea. Baadhi ya madereva waliendelea kumwita Mjerumani, sasa kwa kicheko kingine, na bia hakuna aliyemnunulia tena. Hayo Damiano aliyavumilia. Kilichomtisha tangu mwanzo ni Elina, aliyempikia, akamfulia, na kwa wiki tatu baada ya ile simu hakusema naye ila mambo ya watoto na maji.

Kisha jioni moja, akichambua maharage, alimwambia bila kuinua macho, "Hilo lori. Nani alikuwa analiendesha?"

Damiano alimtajia jina, jina ambalo hakuwahi kulitamka tangu arudi.

"Mlikamatiwa wapi?"

Akavuta kiti, akaketi mbele ya ungo. Hapakuwa na kitabu cha kusimulia kutoka humo, na hakujua mkewe atasimama na kuondoka kwenye neno lipi.

"Njiani kwenda Kabwe," akasema. "Ilikuwa inanyesha."

Elina alitupa harage bovu pembeni, akangoja aendelee.