Kabati la Bi Mwanjaa

1.

Washa taa. Umeona nini?

Hakuna mtu.

Zima basi, tuendelee kula.

2. TANGAZO

Wapangaji wote wa vyumba sita mnatangaziwa kwamba Jumamosi saa nne asubuhi nyumba nzima itapigwa dawa ya mende KWA PAMOJA. Si kila mtu na siku yake. Vyombo vitolewe uani. Atakayefunga mlango tutajua anafuga.

Mwandishi: Sihaba, chumba namba tatu.
Nimechoka.

3.

Nimechoka kweli, msinione mkali. Mwanangu Nuru ana miaka sita na ana pumu. Daktari aliniuliza, "Nyumbani mna mende?" Nikasema hatuna. Nani anakubali kwamba kwake kuna mende? Safari ya tatu, mtoto kifua kinapiga filimbi, nikasema: wapo. Akaniambia kinyesi chao na magamba wanayojivua hukauka yakawa vumbi, na mtoto analivuta. "Waondoe, mama, mtoto apumue."

Waondoe. Kama kufukuza kuku!

4. Yaliyosikika uani

— Kwangu hawapo. Wanatoka kwako.

— Kwangu watoke wapi, nadeki kutwa mara mbili?

— Mimi nikipiga dawa Jumatatu wanahamia kwa Mama Hidaya. Akipiga yeye Jumatano, wanarudi.

— Shukuru. Wamekuletea salamu.

5. Mende anajieleza

Naweza kukaa mwezi bila chakula. Maji hapana, wiki tu naona taabu. Kichwa ukinikata, naishi siku kadhaa, sijui kwa nini, usiniulize. Napenda mbao zinibane huku na huku. Mayai yangu nayafunga kwenye kifuko cha ukubwa wa punje ya kunde, kumi na sita hivi, nakigandisha kwa mate penye giza pasipoguswa, nakwenda zangu.

Dawa haipenyi humo.

Tena pasipoguswa. Umesikia? Na watu hawakosi kuwa na

6. Jumamosi

Milango sita yote wazi. Vitanda uani, masufuria uani, Nuru kwenye mkeka anakohoa.

Mzee Shauri, mpiga dawa, bomba mgongoni, alisimama mbele ya kabati langu. La mninga. La marehemu mama, Bi Mwanjaa.

— Mama, droo hii ilifunguliwa lini?

— Siku ya arobaini yake.

— Miaka mingapi?

— Miwili.

Tukalibeba hadi uani. Akaivuta droo, akaigeuza chini juu. Vifuko. Vimepangana kama kunde zilizomwagika, vingine vitupu, vingine bado. Mzee Shauri akafuta uso.

Nyumba nzima nimeitukana. Mama Hidaya nilimwambia mchafu, mbele ya watu, bombani.

Kumbe

kwangu.

7.

Nikwambie wewe unayesoma, maana wao siwezi. Kila nilipopiga dawa nililifunika lile kabati kwa shuka. Mle ndani mna khanga za mama, bado zinanuka udi wake. Niliogopa dawa itaiua ile harufu.

Basi. Ndilo kosa langu lote.

8.

"Lichomwe," Mzee Shauri alisema kwa upole, akairudisha droo, akaenda chumba cha tano.

Nikaingia ndani kutafuta mafuta ya taa. Nililia kidogo, si sana. Nilipotoka, kabati halipo.

Mama Hidaya wa namba nne, aliyekuwa sokoni droo ilipogeuzwa, ananichekea mlangoni kwake:

— Mwenzangu, mninga mtupu unautupa nje? Tumelibeba na wanangu, nimelifuta, nimelisimamisha ukutani. Khanga za mama sikuzigusa. Ukimkumbuka, njoo ufungue unuse.

Yule niliyemwita mchafu.

Nilifurahi. Nakiri. Moyo uliruka kwa furaha.

9. Kipimo

Ukuta kati ya namba tatu na namba nne haufiki darini.

10.

Jioni vitu vimerudi ndani. Harufu ya dawa. Nuru amelala, anapumua. Nahesabu pumzi zake. Kifua kimya leo.

Ng'ambo ya ukuta droo inafunguka, inafungwa. Mama Hidaya anapanga nguo za watoto wake.

Nyani haoni kundule, watasema. Waseme.

Nikachukua kibiriti. Nikakiweka. Nikakichukua.

— Hodi, jirani.

— Karibu! Umeshamkumbuka mama?

— Mama Hidaya, nisamehe. Lile kabati