Mjomba wa Kisimani

“Kwa hiyo redio yangu ndiyo imewafukuza watazamaji wako,” Msusi alisema. “Hao watazamaji walikuwepo lini, jirani? Mimi nilimwona mmoja tu, tena amelala.”

“Alikuwa amefumba macho,” Mfasiri alijibu.

“Kwenye sinema.”

Mimi nashona viatu mkabala na milango yao, kwa hiyo hili sikuhadithiwa. Mfasiri ndiye mwenye banda la video: mabenchi kumi na mawili, skrini moja, na yeye na kipaza sauti chake akizigeuza filamu za kigeni kuwa Kiswahili. Na kuzigeuza anazigeuza kweli. Jambazi akisema maneno matatu, Mfasiri humpa sentensi tisa na mjomba juu. Sijaona filamu yake iliyokosa mjomba. Watu wakibusiana, yeye hukohoa mpaka waachane.

Sasa mwenye nyumba alikuwa amempa mpaka Jumamosi: mabenchi yajae, la sivyo chumba kinakwenda kwa muuza chakula cha kuku. Mfasiri, badala ya kujitazama, akautazama ukuta. Upande wa pili ni saluni ya Msusi, wasichana watano wanasuka, redio inaimba tangu asubuhi.

“Vijana wa leo hawana subira,” alisema. “Wimbo dakika tatu, basi. Hadithi yenye kichwa na miguu inawashinda.”

“Subira?” Msusi alimwonyesha msichana aliyekuwa anasuka mistari myembamba kama uzi. “Huyu ana saa sita amesimama. Wewe ukishikwa na njaa unaruka nusu ya filamu.”

“Mbona haji kutazama, basi?”

“Kwa macho yapi? Sinema ni mgeni mwenye makuu. Akija, uache kazi, ukae mbele yake, umkodolee macho saa mbili nzima. Muziki ni shangazi wa nyumbani, anakukuta jikoni mnaongea huku unaosha vyombo.”

“Shangazi wa namna hiyo ndio wanaovunja nyumba za watu.”

“Haya.” Msusi akachomoa waya wa redio. “Naizima mpaka Jumamosi jioni. Tuone kama mabenchi yataota watu.”

Aliizima kweli. Siku tatu mtaa mzima ulimsikiliza Mfasiri, maana spika aliipandisha mpaka misumari yangu ikawa inacheza kwenye kopo. Mabenchi hayakuota kitu. Jumamosi alasiri tulikuwa wawili: mlinzi wa ghala, aliyekuja kusinzia kabla ya zamu, na mimi, kwa umbea. Mlinzi akaamka, akaenda zake. Mimi nikaitwa na mteja. Kwenye filamu jambazi yumo kisimani, kamba inakatika, mjomba yuko njiani. Mfasiri akayatazama mabenchi, akazima kila kitu.

Ukuta ukagongwa kwa mpini wa kichana.

“Baba mdogo,” msichana mmoja akaita. “Mjomba alifika?”

Mfasiri akatoka nje na kipaza sauti mkononi, waya unaburuzika vumbini. Akasimama mlangoni pa saluni.

“Mjomba gani?”

“Wa kisimani. Na yule wa juzi aliyeuza ng’ombe ili amkomboe mpwa wake, huyo tulimlilia hadi mteja akalowa.”

“Mlikuwa mnasikiliza.”

“Tungefanyaje, na redio imezimwa?”

“Si mngeingia,” alisema. “Chumba kinakwenda leo, nyie mko hapa mnasikiliza ukuta. Kuna farasi mle, kuna moto. Filamu ya kusikia ni sawa na nyama ya kunusa.”

“Mikono ina kazi, baba mdogo. Picha tunajitilia wenyewe. Mjomba wangu mimi ana kipara.”

“Hana kipara.” Hapo ndipo siri ilipomponyoka. “Hata hayupo. Kwenye picha hakuna mjomba, mjomba ni wangu.”

Wasichana walitazamana. Hata mteja aligeuka, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama.

“Loo,” Msusi alisema. “Kumbe wanaokuja kutazama ndio wanaopunjwa.”

Nyuma ya Mfasiri gari lilikuwa linarudi kinyumenyume hadi mlango wa banda. Vijana wawili wakaanza kushusha magunia ya chakula cha kuku na kuyapanga juu ya benchi la kwanza, na lile benchi, kwa mara ya kwanza mwaka huu, likajaa. Mfasiri hakugeuka. Alikuwa anaukunja waya, anaukunjua, anaukunja tena.

Msusi alifunua sufuria, akapanga sahani.

“Usinizibie mwanga hapo mlangoni, jirani. Nawa, ingia ule. Mjomba utatufikishia kisimani ukishameza.”