Hakuna Taa

Karatasi ilikuwa imeshaandikwa. Ilibaki sahihi ya Nthenya tu. Ngina, meneja wa safari wa kampuni hiyo ndogo ya ndege, aliisukuma mezani na kuweka kalamu juu yake. Ofisi ilikuwa ghorofa ya tano, Kilimani, na madirisha yake hayakuwa ya kufunguka. Kando ya Nthenya aliketi Kapteni Kiilu, aliyemfundisha kurusha ndege na kumwombea kazi hapo. Alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu aliye kanisani.

Karatasi ilisema kwamba Jumanne asubuhi, wakitoka Kisumu na abiria kumi na mmoja, marubani wote wawili waliziona taa za barabara ya kutua wakiwa bado futi mia mbili na ishirini kutoka ardhini.

Haikuwa hivyo. Ukungu ulikuwa umeilalia Nairobi yote. Waliteremka kwa kufuata mishale miwili kwenye kioo cha vipimo, mmoja wa kushoto na kulia, mwingine wa juu na chini. Mishale ilikaa sawa. Lakini mkifika futi mia mbili bila kuona taa, sheria inataka mpae tena, hata mishale iseme nini. Mafuta ya kuwafikisha Mombasa yalikuwemo. Nthenya, rubani msaidizi, alitazama nje akakuta weupe mtupu. "Hakuna taa," akasema. Kapteni aliendelea kukodolea mishale. Nthenya akasema tena. Ndege ikazidi kushuka, na mkono wa Nthenya, ambao ungeweza kuziongeza injini nguvu, ukabaki pajani. Magurudumu yaligusa lami karibu kabisa na ukingo wa kushoto. Abiria wakapiga makofi.

Sasa wakaguzi wa usafiri wa anga walikuwa wameuliza, maana kipimo cha ukungu cha asubuhi ile hakikuafikiana na kutua kwao. Ngina alieleza polepole, bila ubaya. Kapteni alibakiza miezi mitano astaafu. Nthenya naye alikuwa amefungwa na mkataba wa miaka miwili; hangeweza kurushia kampuni nyingine.

"Ni kitu ya dakika moja tu," Ngina alisema. "Weka sign, twende."

Nthenya akamgeukia mzee. "Kapteni, uliziona?"

Kiilu akainua kichwa. "Nilijua ziko," akasema.

Basi Nthenya akaigeuza karatasi, akaandika upande wa nyuma yote yaliyotokea, na ule mkono wake uliobaki pajani akauandika pia. Alipomaliza, Ngina aliichukua bila kumtazama.

Wakaguzi walipoisoma, leseni ya Kiilu ilisimamishwa. Nthenya hakufutwa, wala hakupangiwa safari. Kila Jumatatu ratiba iliingia kwenye simu yake bila jina lake, naye akashinda ndani ya nyumba yake Kileleshwa, akiwapigia wenzake ambao ghafla wote walikuwa na haraka.

Wiki ya saba akaenda Kenyatta Market kusukwa nywele. Nusu ya kichwa kikiwa mikononi mwa msusi, akaingia Munyiva, mke wa Kapteni, akaketi kiti cha pili. Nthenya hakuwa na pa kwenda. Akamwamkia. Munyiva akaitikia, kisha akasema mumewe siku hizi hatoki nyumbani, hata kanisani hataki kuonekana. Nthenya akasubiri lililobaki.

"Lakini analala," Munyiva akasema. "Tangu ile Jumanne alikuwa anaamka akihesabu futi. Mia moja, hamsini, thelathini. Ulipoandika ile karatasi, akaacha."

Nthenya alitaka kuuliza kama mzee amemsamehe, akamgeukia. Msusi akamrudisha kichwa mbele kwa vidole viwili, akamwambia atulie, bado saa mbili nzima.