Supu Ambayo Haikuandikwa

Maua yenyewe hayana makuu: majani membamba, vichwa vya zambarau, yamepandwa mbele ya kila benki na kila kliniki kutoka Arlington hadi Mansfield kwa sababu hayadai maji mengi. Everline aliyapita miaka sita bila kuyajua jina. Siku hizi akiyaona huinamisha uso, na anastahili.

Alikuwa akisomea uuguzi huku akitunza wazee majumbani. Mmoja wao alikuwa Mama Nobantu, Mxhosa wa miaka sabini na minane, aliyeletwa Mansfield na mwanawe Luvuyo, fundi wa ndege, ili asizeeke peke yake kule Afrika Kusini. Walizungumza Kiingereza, kila mmoja na lafudhi yake, na walielewana vizuri. Nalisema hili mapema, asije mtu akamtetea Everline kwa kisingizio cha lugha.

Mwezi wa nne Everline alishikwa na kikohozi. Alimeza dawa za dukani, akavaa barakoa, akakohoa vilevile. Mama Nobantu alimvumilia wiki moja, kisha akaingia jikoni akampikia supu yenye harufu kama ya kitunguu saumu. Alimwambia anywe, kwao kifua hakichezewi. Everline alikunywa siku tatu, na siku ya tatu kikohozi kikakoma.

Sasa, wanafunzi wa uuguzi hufundishwa kwamba kisichoandikwa hakikutendeka, na Everline aliandika kila kitu kwenye ripoti ya zamu, hata bibi akipiga chafya. Supu je? Thubutu. Mhudumu haruhusiwi kula chakula cha mteja.

Wiki iliyofuata alimkuta bibi ameinama nje ya kliniki ya meno ya jirani, anachuma majani ya yale maua na kuyatia mfukoni mwa gauni. Mzungu mmoja alikuwa akiwatazama kutoka garini. Everline aliona haya, tena si kwa ajili ya bibi. Alijionea haya mwenyewe: Waafrika wawili kando ya barabara wanachuma majani kama watu wasio na chakula nyumbani. Mama Nobantu alimweleza kwa utulivu kwamba ile ni mboga, itswele lomlambo, kitunguu cha mtoni. Akachana jani, akamnyooshea anuse. Everline, aliyekuzwa na kukhu, nyanya yake, huko Vihiga kwa mboga za mrenda na managu zilizojiotea kando ya ua wa nyumba, alirudi nyuma.

Jioni akaandika: mteja anakula mimea ya mapambo ya barabarani, anadai ni mboga, dalili za kuchanganyikiwa. Kampuni iliyomwajiri ikamsifu kwa umakini. Luvuyo alisoma akaogopa mama yake atajilisha sumu, na kabla ya mwezi wa sita bibi alikuwa Houston, karibu na binti yake, katika nyumba ya wazee wasahaulifu ambayo mlango wake hufunguliwa kwa namba wasizopewa.

Agosti, Everline alikwenda kununua miche ya sukuma wiki huko Arlington. Alipokuwa akipenya kati ya vyungu, gauni lake likasugua mmea fulani, na harufu ya ile supu ikampanda puani. Akageuka: maua ya zambarau. Alimuuliza muuzaji, mzee mmoja. Yule mzee alisema asili yake ni Afrika Kusini, na Waxhosa hula majani yake kama mboga na kuyatumia kutibu mafua na kifua. Everline akatamani ardhi ipasuke immeze. Alimpigia rafiki yake Shiru, akamsimulia yote, akitumaini kufarijiwa.

“Yaani uli-report mtu juu ya mboga?” Shiru aliuliza. “Na supu ulikuwa umekunywa? Asante ya punda, Eve.”

Jumamosi aliendesha gari kwa muda wa saa nne hadi Houston, chungu cha maua kimefungwa mkanda kwenye kiti cha kando, akiipanga na kuipangua hotuba ya kuomba msamaha. Mama Nobantu alikuwa ameketi dirishani, amekonda. Alimtazama mgeni wake, akatazama chungu.

“Everline,” alisema. “Kifua kilipona?”

Hotuba yote ikayeyuka. Everline alipiga magoti akalia.

“Kilipona, Mama. Ni mimi niliyeandika.”

“Najua. Luvuyo alinisomea ripoti zako zote. Nikawa nasubiri afike kwenye supu.”

“Kwa nini hukumwambia?”

“Wangekufukuza kazi,” bibi akasema, akachana jani akaanza kulitafuna.

Everline alifuta uso, akatoa simu, akampigia Luvuyo palepale, bibi akisikia. Alianza na supu.