Mahali Viazi Vilipooza

Wawekezaji wa gesi walipokuja kupima eneo la uwanja wa ndege kule milimani Papua, wanaume wa ukoo waliwaonyesha mipaka. Yalume, mjane aliyelima bonde lile tangu alipoolewa, akawaonyesha maji. Alichomeka mti wake wa kulimia mahali viazi vyake vilipooza kila mwaka, akamwambia mhandisi Wilkins kwamba chini pana tope lisilokauka. Wilkins alichimba, akalikuta, akashindilia mawe miezi minne.

Aliyemcheka Yalume ni Mabe, ndugu wa marehemu mumewe, na kwa kucheka watu Mabe hajambo. Sasa kampuni ya gesi ilikuwa inaleta mtambo wake kwa ndege ambayo hakuna aliyewahi kuona mfano wake. Ukoo mzima ulijipaka rangi usoni, ukavaa manyoya, ukajipanga kwenye uzio tangu asubuhi.

"Shemeji," Mabe alisema, "ndege ikizama pale pako, nyumbani usirudi. Nyoosha moja kwa moja kwa kaka zako."

"Na isipozama?"

"Nitakulimia viazi mimi mwenyewe."

Watu wakaangua kicheko, maana kwao mwanaume kulima viazi ni kituko. Yalume hakucheka. Alijua habari ya nyumba haikuwa mzaha.

Ndege ikatokea kwenye mwanya wa milima, kubwa kuliko kanisa, ikishuka polepole mno hata mtu angeapa imesimama hewani. Magurudumu yalipogusa lami, ardhi ilitetemeka hadi magotini mwa watu. Yalume hakupepesa macho. Magurudumu yakafika pale pake, yakapita, yakaenda zake.

Mabe alikuwa amevua kofia yake ya manyoya bila kujua. Yalume alisisimka mwili mzima. Alistaajabu kwamba binadamu wameweza kurusha kitu kile, akastaajabu zaidi kwamba kimetua juu ya neno lake yeye, mkulima wa viazi.

Baadaye Wilkins alimfungulia lango. Yalume akaenda peku mpaka pale pake, akachomeka mti wake. Haukuingia. Akaukandamiza kwa uzito wake wote, ukakatika.

Mabe alikuwa amemfuata nyuma, mpole kupita kawaida yake.

"Shemeji," alisema, "ahadi ni ahadi. Nikulimie wapi?"

Yalume alitazama lami, nyeusi, ndefu, nzuri ajabu, kutoka mlima hadi mlima. Alitafuta pa kumwonyesha, asipaone.